Kilo zimepungua, nguo zinapwaya, tumbo liko palepale: uzi wa wanaohangaika na tumbo la chini

#1 Lishe_Moro

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi ya lishe kwenye kituo cha afya. Siku hizi swali ninaloulizwa kuliko yote si "nipunguzeje uzito". Ni hili: "Nimepungua, mzani unasema nimepungua, hata majirani wanasema. Mbona tumbo halitoki?" Mtu anavuta blauzi juu kidogo, anafinya ile nyama ya chini ya kitovu kwa vidole viwili, ananionyesha. Kinachoniuma ni kwamba wengi wakifika kwangu wameshaanza kujiadhibu. Huyu halali na chakula tumboni, yule anakunywa siki asubuhi kabla ya kula chochote, mwingine anajiviringisha plastiki kiunoni na kukimbia jua la saa sita. Na ukimpima unakuta anaendelea vizuri tu.

Nimeona niandike kwa urefu. Mwenye hoja abishe, mwenye swali aulize, nitapita kujibu.

Kwanza tukubaliane kwamba tumbo moja lina mafuta ya aina mbili. Kuna yaliyo ndani kabisa, yanazunguka ini na utumbo, hayo huwezi kuyashika kwa mkono. Kuna yaliyo chini ya ngozi, ndiyo hayo unayoyafinya. Mwanamume mwenye kitambi kigumu, kimetangulia mbele huku miguu ikiwa myembamba, mara nyingi ana mengi ya ndani. Mafuta hayo ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha ukubwani, presha na ugonjwa wa moyo. Lakini ndiyo pia yanayowahi kupungua mtu anapoanza kula kwa kiasi na kutembea. Kwa hiyo yule anayenilalamikia kwamba "hakuna kilichobadilika" kwa sababu bado anafinya nyama, mara nyingi lile lililokuwa likimhatarisha limeshaanza kuondoka bila yeye kuliona.

Ya chini ya kitovu huchelewa kwa sababu inayojulikana. Seli za mafuta zina vipokezi vinavyoitikia adrenalini. Vipokezi vya beta vinaiamuru seli iachie mafuta, vya alfa-2 vinaizuia. Tumbo la chini, nyonga na mapaja yana wingi wa vile vya kuzuia, na damu inayopita hapo ni kidogo kuliko sehemu nyingine. Ndiyo maana utaona uso umechongoka, mifupa ya shingo imetokeza, pete inazunguka kidoleni, na tumbo la chini bado linakutazama. Kila mtu na mpangilio wake aliozaliwa nao, huwezi kuchagua pa kupunguza. Mama yako na shangazi zako wakiwa wanaweka tumboni, kwako nawe huenda tumbo likawa la mwisho kupungua.

Jambo jingine watu hawaambiwi: seli za mafuta hazipotei unapopungua, zinasinyaa. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska kule Sweden walitumia alama ya kaboni iliyobaki hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia kupima umri wa seli hizo. Wakakuta idadi yake kwa mtu mzima haibadiliki sana, karibu asilimia 10 hufa na kuzaliwa nyingine kila mwaka, na hata waliopungua sana baada ya upasuaji wa tumbo la chakula walibaki na idadi ileile. Seli ndogo hubaki pale pale zilipokuwa. Hiyo mikunjo unayoiona ukikaa si ushahidi kwamba hujafanya kazi.

Na mafuta yenyewe yanatoka mwilini kwa njia gani? Wengi wanadhani yanatoka kwa jasho au chooni. Mwaka 2014 wanasayansi wawili wa Australia walipiga hesabu wakaichapisha kwenye jarida la BMJ: kilo 10 za mafuta zikichomwa mwilini, kilo 8.4 zinatoka kwa pumzi kama hewa ya ukaa, na 1.6 zinakuwa maji. Hakuna chai ya kuharisha inayoweza kubadili hiyo hesabu.

Sasa nije kwenye jicho, maana huko ndiko watu wanakoumia zaidi.

Tumbo lako unalitazama kutoka juu. Hakuna binadamu mwingine anayekuona kutoka huko. Ukiinamisha kichwa unaona kinachotokeza tu, huoni kwamba kiuno kimeingia pembeni wala mgongo umenyooka. Kisha unalitazama ukiwa umekaa kitandani, ambapo hata mtu mwembamba kabisa anajikunja. Kisha usiku, baada ya maharage na maji ya siku nzima, wakati asubuhi lilikuwa dogo. Kisha unafungua simu unakutana na matumbo yaliyopigwa picha kwa mwanga maalumu. Watafiti wa mambo ya kuona wameonyesha mara nyingi kwamba mtu akitazamishwa miili myembamba kwa muda, mwili wa kawaida unaanza kumwonekea mnene. Jicho linajizoesha, bila wewe kuamua.

Pia picha ya mwili tunayoitembeza kichwani haiendi na mzani. Watu waliowahi kuwa wanene wakapungua, wengi hubaki wakijiona kwa ukubwa ule wa zamani. Nawaona kituoni wanapita mlangoni kiubavu, mlango ambao wangepita wawili. Kwenye benchi wanatafuta nafasi ya watu wawili. Duka la mtumba mkono unakwenda wenyewe kwenye saizi ya zamani.

Ndiyo maana nasisitiza futi ya fundi cherehani. Simama wima. Tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu ubavuni, tafuta na juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati ya hapo. Si pale unapovalia mkanda wa suruali. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, futi iguse ngozi bila kuibana. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, hatari inaanza kupanda mwanamume akifika sentimita 94 na inakuwa kubwa kuanzia 102. Mwanamke ni 80 na 88. Njia rahisi zaidi ni kiuno kuwa chini ya nusu ya urefu wako. Taasisi ya NICE ya Uingereza iliiweka kwenye mwongozo wake mwaka 2022. Una urefu wa sentimita 164? Kiuno kiwe chini ya 82. Ukiwa chini ya hapo na bado unafinya nyama, afya yako haiko kwenye hiyo nyama.

Pima mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla ya chai. Kila siku ni kujitesa.

#2 Jasho la Asubuhi

Heshima kwako mkuu, ila hapo kwa "huwezi kuchagua pa kupunguza" nakataa. Nafundisha mazoezi, vijana wangu wakishika sitapu na planki kwa miezi mitatu tumbo linakatika, naona kwa macho yangu. Tusiwape watu visingizio.

#3 Lishe_Moro

Jasho, nakubali unaloliona. Ninachobisha ni sababu yake.

Mwaka 1984 kuna watafiti wa Marekani walichukua wanaume 13 wakawapigisha sitapu kwa siku 27. Jumla kila mmoja alipiga 5,004. Wakachota kwa sindano vipande vidogo vya mafuta tumboni, mgongoni chini ya bega, na matakoni, kabla na baada. Seli zilikuwa zimesinyaa kidogo sehemu zote tatu, kwa kiwango kilekile. Tumbo halikupendelewa. Na nyuma ya hapo, 1971, kuna waliowapima wachezaji wa tenisi: mkono unaoshika raketi ni mnene kuliko mwingine kwa sababu ya misuli, lakini mafuta chini ya ngozi ya mikono yote miwili yako sawa. Mkono mmoja umefanya kazi miaka na miaka.

Vijana wako wanaamka mapema, wanaacha soda, wanapunguza bia, wanalala usingizi wa maana kwa kuwa wamechoka. Mwili mzima unapungua, tumbo nalo linafikiwa zamu yake. Halafu misuli ya tumbo imekuwa imara, inashikilia vizuri, mtu anasimama wima. Hiyo ni faida kubwa na sitaki mtu aiache. Ninachokataa ni kumwambia mama aliyejifungua mara tatu kwamba tumbo halijatoka kwa sababu hajapiga sitapu za kutosha.

#4 Jasho la Asubuhi

Hiyo ya tenisi imenigusa, sikuwahi kuifikiria. Na hii mikanda ya jasho je? Nusu ya wateja wanakuja nayo.

#5 Lishe_Moro

Wavue. Jasho ni maji; lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mzani na inarudi ukinywa. Kuna jambo hapa linachanganya watu sana: wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini, kila gramu yake inakaa na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha ugali na wali wiki ya kwanza, wanga huo unaisha, maji yanatoka, mzani unashuka kilo mbili na unafurahi. Ukirudi kula, yanarudi, unalia. Mafuta hayakuhusika kote huko. Kina dada waongeze na siku za kukaribia hedhi, mwili unashika maji na tumbo linajaa. Kujipima siku hizo na kutoa hukumu ni kujidhulumu.

Na kujifunga plastiki kwenye joto la Dar ni hatari kweli. Mwili unapozwa na jasho linalokauka. Ukilizuia lisikauke, unapanda joto.

#6 Mama Wawili

Dada/kaka Lishe, naomba uniangalie na mimi. Nina watoto wawili, wa pili kwa operesheni, sasa anakimbilia miaka miwili. Nimepungua mpaka mikono imekuwa myembamba, lakini tumbo ni la mja mzito. Kwenye daladala watu wananipisha kiti wakidhani nina mimba. Nakaa, kwa sababu kueleza ni aibu zaidi. Nilikandwa na kufungwa khanga siku arobaini kama ilivyo kwetu. Mama mkwe anasema sikufungwa vizuri.

#7 Lishe_Moro

Dada yangu, usibebe hilo la kufungwa vibaya. Khanga inakupa egemeo la mgongo na tumbo siku za mwanzo, na kuna wanaopata nafuu nayo, lakini haichomi mafuta wala hairudishi misuli. Na maji ya moto sana juu ya mshono mpya yanaunguza, tuseme ukweli.

Fanya hivi leo. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Weka vidole juu kidogo ya kitovu, vikielekea miguuni. Inua kichwa na mabega kidogo. Utasikia kingo mbili za misuli zinakaza kushoto na kulia. Kati yake panaingia vidole vingapi? Ikiwa ni zaidi ya viwili, au ukiinuka katikati panatokeza mstari uliovimba, yawezekana misuli ya mbele iliachana wakati wa ujauzito na haijarudiana. Hiyo hutokea kwa wanawake wengi sana. Tumbo linasukumwa mbele kwa sababu ukuta wake umelegea, hata mafuta yakiwa machache. Unaweza kufunga kula mwezi mzima na lisibadilike.

Sitapu za kawaida kwa hali hiyo zinaweza kuzidisha kule kutokeza. Tafuta fiziotherapia, hospitali nyingi za mikoa wanayo. Watakuanzishia mazoezi ya kupumua huku unakaza tumbo la ndani na nyonga, taratibu, kisha magumu zaidi. Wengi wanapata unafuu hata miaka baada ya kujifungua. Ile nyama inayoning'inia juu ya kovu la operesheni ni jambo tofauti: kovu linavuta ngozi ndani na kilicho juu yake kinaonekana kikubwa. Nyingine ni ngozi tu iliyotanuka. Ifinye: ikiwa nyembamba na laini kama hiyo ya kope, hiyo ni ngozi, hakuna mlo utakaoimaliza.

Mikono kuwa myembamba hivyo inanipa wasiwasi kuliko tumbo. Unakula nini kwa siku?

#8 Mama Wawili

Chai ya rangi asubuhi bila kitu, mchana mboga na kipande cha ugali, usiku tunda. Nimejaribu: vidole vitatu vinaingia. Nimelia kidogo, lakini ni afadhali kujua.

#9 Lishe_Moro

Asante kwa kujibu kwa uwazi. Ongeza chakula dada, na nasema hivyo nikimaanisha. Mayai mawili asubuhi, au maharage ya jana. Dagaa wa kutosha mchana, si wa kuonja. Usiku choroko au samaki na mboga, na wanga kiasi. Misuli inajengwa na protini, na wewe unataka misuli irudiane. Mikono yako imekuwa myembamba kwa sababu mwili umekula misuli ya mikono.

#10 Fundi wa Kibaha

Naomba niingie, mimi ni fundi cherehani, nguo za kike zaidi. Daftari langu lina vipimo vya wateja wa miaka mingi: kifua, kiuno, nyonga, mzunguko wa mkono, urefu. Mteja akirudi napima upya na kuandika pembeni ya kile cha zamani kwa kalamu nyekundu. Hayo anayosema Lishe nayaona kwenye namba. Mtu akianza kupungua, mkono ndio unaanza, kifua kinafuata, mabega yanashuka. Kiuno kinakuja taratibu. Nyonga kwa wanawake ndio mwisho kabisa.

Lakini kuna mmoja nitamsimulia. Alileta kitambaa cha harusi ya mdogo wake. Nikampima, kiuno kimeingia inchi tatu toka mara ya mwisho. Akaniambia, "Fundi, futi yako imechakaa, weka kile cha zamani." Nikamwonyesha futi mpya bado ina karatasi. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi weka inchi mbili za ziada, tumbo langu nalijua." Nikashona kwa futi, nikaacha mshono mpana ndani ili nikilazimika nifumue. Siku ya kujaribu alisimama kwenye kioo, akashika kitambaa kiunoni kwa mikono miwili akitafuta pale kinapobana. Hakikubana. Aliniuliza kama nimeweka lastiki.

Hakuwa anadanganya. Alikuwa hajioni.

#11 Lishe_Moro

Fundi, Mungu akubariki, umesema kwa aya chache nilichohangaika nacho ukurasa mzima. Wenye fundi wa kudumu, mwombeni awaonyeshe vipimo vyenu vya nyuma. Au chukua suruali moja isiyovutika, ivae kila mwisho wa mwezi, uone kifungo kinafunga wapi.

#12 Chipukizi_Iringa

Mimi ni kijana wa chuo. Nimebakiza "kamkanda" kadogo tu chini, nimeshafika uzito niliotaka. Nimeamua kula mlo mmoja kwa siku tena mdogo mpaka kaishe. Nimekosea wapi?

#13 Lishe_Moro

Mdogo wangu, nikusimulie jambo lililofanyika kweli.

Novemba 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mwanasayansi Ancel Keys alikusanya vijana wa kiume 36 wenye afya, waliokataa kwenda vitani kwa sababu za imani, wakakubali kushindishwa na njaa ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wakiteseka na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walilishwa karibu nusu ya walichozoea na kutembezwa mwendo mrefu kila wiki. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula, wanakusanya vitabu vya mapishi, wanalamba sahani, wanakasirika bila sababu.

Walipoanza kulishwa tena, mafuta yalirudi haraka kuliko misuli. Na yalirudi wapi kwanza? Walilalamika kuhusu tumbo na matako. Vijana ambao hawakuwa na historia ya unene walianza kusema wanajisikia wanene. Ilichukua muda mrefu, kwa wengi mwaka na kitu, mwili kurudi kwenye uwiano wake wa zamani.

Sasa wewe umeshafika uzito unaofaa, unataka kuuminya mwili utoe kale kakipande ka mwisho. Utatoa misuli kwanza. Ukichoka, maana utachoka, mafuta yatarudi mbele ya misuli, na yatakaa pale pale unapopachukia. Utaishia na uzito uleule na tumbo kubwa zaidi. Halafu utajilaumu.

Kwako ningeshauri kinyume: kaa kwenye uzito huo kwa miezi kadhaa, kula kawaida, pushapu na kunyanyua vitu vizito mara mbili tatu kwa wiki, protini kila mlo. Lala pia. Mwaka 2010 kuna utafiti mdogo Marekani, watu waleule walipewa mlo uleule wa kupunguza, kipindi kimoja wakilala saa 8.5 kitandani, kingine 5.5. Uzito ulishuka sawa. Lakini walipolala kidogo, walipoteza mafuta machache na misuli mingi zaidi.

Na nikuulize kwa upole: unajitazama kwenye kioo mara ngapi kwa siku? Kama unakwepa kuogelea na wenzako, unabadilisha shati mara nyingi kabla ya kutoka, unafikiria hako kamkanda unapokuwa darasani, hilo ndilo la kutibiwa. Kuna washauri chuoni, nenda. Wanaume nao wanaumwa haya, ila hawasemi.

#14 Chipukizi_Iringa

Hilo la mwisho umenipata. Nitakwenda.

#15 Pwani Mombasa

Salaam kutoka upande wa huku. Ndugu zangu, semeni na kuhusu zile chai na vidonge vya "flat tumbo" vinavyouzwa mitandaoni. Binamu yangu alikunywa, alipungua kwa kasi, moyo ukawa unamwenda mbio usiku halali.

#16 Lishe_Moro

Chai nyingi za namna hiyo zina senna, ambayo ni dawa ya kuharisha. Chakula kinakuwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla senna haijaanza kazi kwenye utumbo mpana. Unatoa maji na chumvi za mwili, tumbo linanywea kwa siku moja, basi. Ukizoea, choo kinagoma bila hiyo chai.

Vidonge ndivyo vinavyonitisha. Kuna dawa iitwayo sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza shambulio la moyo na kiharusi kwa wenye matatizo ya moyo. Tangu hapo imekutwa tena na tena, bila kuandikwa kwenye lebo, ndani ya bidhaa zinazouzwa kama za "mitishamba". Moyo kwenda mbio na kukosa usingizi ni dalili zake. Binamu aache leo, apimwe presha, na aende na kopo lenyewe kwa daktari.

#17 Sina Jina Leo

Naandika kwa akaunti mpya, mtanielewa. Niko CTC, kliniki ya dawa za VVU, miaka mingi. Tulipobadilishiwa dawa kwenda hizi mpya nilinenepa, hasa tumbo. Zamani, dawa za kwanza zilininyonya uso na miguu tumbo likabaki, watu wakanijua kwa sura. Sasa nanenepa naogopa, nikipungua nako naogopa maneno ya watu. Niliwaza kuruka dozi.

#18 Lishe_Moro

Usiruke hata moja, nakuomba. Unayosema ni ya kweli na wala hujayaota. Stavudini ya zamani ilifanya hivyo hasa, ikamaliza mafuta ya uso na miguu, na Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe taratibu kuanzia 2009. Dolutegraviri ya sasa ni dawa nzuri sana ya kudhibiti virusi, na tafiti za Kameruni na Afrika Kusini zilizotoka 2019 zilionyesha wanaoitumia huongezeka uzito zaidi. Ile ya Afrika Kusini iliona wanawake wakiongezeka kuliko wanaume. Kiasi cha ongezeko hilo ni mwili kurudi kwenye afya, kiasi kingine ni nyongeza. Kliniki yako inaweza kukupima kiuno, presha na sukari na kupanga nawe mlo. Sema nao wazi kama ulivyosema hapa.

Na haya maneno ya watu. Huku kwetu mtu akipungua anaulizwa "unaumwa?", akiongezeka anaambiwa "umenawiri" au "umejiachia". Tangu miaka ya tisini kukonda kumebebeshwa tafsiri moja, na wapo waliopungua kwa jasho lao wakarudi kula ili maneno yaishe. Nawaomba wote mnaosoma: mwili wa mwenzako usiwe salamu. Muulize habari za kazi.

#19 Ziwani Sengerema

Swali langu liko tofauti kidogo. Kaka yangu anapungua mikono, uso, mapaja, bila kufanya diet yoyote, lakini tumbo linaongezeka. Gumu. Yeye anafurahi kasema kitambi cha hela. Ni mvuvi.

#20 Lishe_Moro

Ndugu yangu, hilo si la uzi huu. Mpeleke hospitali wiki hii. Mtu kukonda bila kutaka huku tumbo likikua laweza kuwa maji tumboni, ini, bandama, au uvimbe. Kwa mvuvi wa ziwani kichocho cha tumbo kinaingia kwenye orodha, kikikaa miaka kinaharibu ini na kujaza maji. Macho yake yana manjano? Miguu imevimba? Amewahi kutapika damu?

Na kina mama: tumbo la chini linalokua upande mmoja au likiwa gumu, hedhi nzito, mkojo wa mara kwa mara, pigeni ultrasound kabla ya kulihukumu kuwa mafuta. Vivimbe vya mfuko wa uzazi ni vya kawaida sana kwa wanawake wetu, na nimeona waliojinyima kula kwa ajili ya kivimbe.

#21 Mama Wawili

Nimepata miadi ya fiziotherapia. Na leo nimekula mayai. Fundi, nikija Kibaha utanipima?

#22 Fundi wa Kibaha

Karibu dada, nitakufungulia ukurasa wako.

#23 Ziwani Sengerema

Miguu imevimba kidogo jioni. Kutapika damu hapana. Tumekubaliana keshokutwa asubuhi tunavuka kwenda Mwanza, nimeshaongea na shemeji naye kamshawishi.

#24 Lishe_Moro

Vizuri. Mwambieni daktari wazi kwamba ni mvuvi na anaingia majini tangu utoto, maana hilo linaelekeza vipimo: kinyesi kwa ajili ya kichocho, ultrasound ya ini na bandama, na damu. Asinywe pombe wala dawa za kienyeji kabla ya hapo. Na akitapika damu au kinyesi kikiwa cheusi kama lami usiku wa leo, msingoje keshokutwa.